Kanzu ya Mzee Mhina na Wanga Wangu

Ijumaa, 4 Julai 1975
Handeni, kijijini. Posa yangu kwa Zamda bado haijajibiwa. Baba yake, Mzee Mhina, atasoma risala ya kijiji siku ya Sabasaba, na kanzu lazima ikaze, inyooke. Salimu, naye anamtaka Zamda, akajitolea kuitia wanga. Nikamuwahi! Nikasema mimi fundi wa wanga tangu utotoni. Uongo mtupu. Mzee akanikabidhi kanzu.

Jumapili, 6 Julai
Nimewaza. Wanga wa muhogo unakaza nguo. Gundi ya mti wa mgunga nayo inakaza. Vyote vinayeyuka majini vizuri, basi vikiwa pamoja si kanzu itakaza mara mbili? Nikachanganya kwenye maji ya moto. Laini kabisa! Nikakamulia ndimu nyingi ili nguo iwe nyeupe. Lahaula! Uji ukakatika kama maziwa: madonge chini, maji juu. Ningemwaga. Lakini Salimu akachungulia uani, akauliza leo napika nini. Kwa hasira nikatumbukiza kanzu, nikaikanda, nikaianika, nikapiga pasi.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba
Aibu! Madonge yameziba mikono ya kanzu. Mgeni rasmi alinyoosha mkono. Wa Mzee haukutoka. Zamda akaenda kuuvuta, kitambaa kikalia kama bati. Kijiji kizima kilicheka. Zamda hakucheka, alinitazama tu. Bora angecheka.

Jumanne, 8 Julai
Nimekwenda kwa Mwalimu Raheli, uso chini. Kasema wanga na gundi kila kimoja hushikana na maji. Ukizidisha ndimu, haidrojeni ya huyu hunasa kwenye oksijeni ya yule, wanakumbatiana wao kwa wao, maji wanayatupa. Kaniagiza niiloweke kanzu kwenye maji ya majivu, yaue ile asidi ya ndimu, wataachana. Wameachana! Nimeirudisha kanzu. Nilimwamkia Mzee shikamoo mara tatu, aliitikia moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 9 Julai
Mzee amejibu. Posa imekubaliwa! Kasema Zamda mwenyewe ndiye anayenitaka, yeye haelewi kwa nini. Ila sharti moja: nisiiguse tena kanzu yake. Nimeapa mbele ya mashahidi, machozi yakanitoka kwa aibu.

Koti lake hakulitaja. Nimeliondoa msumarini wakati naaga. Kola yake imelegea sana, na mama ana mlenda jikoni, unavutika kama gundi.