Kiande na Koleo ya Kazi Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeamkia upande mzuri wa dunia! Nimeenda Thika kununua viatu vya ngurario yetu, harusi ya kimila, nimerudi Ruiru na katoni ya koleo. Si koleo hivi hivi. Ni zile za kukunja. Ukiifungua ni koleo, na ndani ya mikono yake mna kisu, msumeno, bisibisi, mkasi, kifungua soda, na kidude kimoja ambacho hata Muzammil aliyeniuzia hajui kazi yake. Kazi kumi na nne kwenye mfuko mmoja wa suruali!

Inafanana kabisa na ile ya Lenny, binamu wa mchumba wangu Wangechi. Ya Lenny ililetwa na mjomba wake kutoka Marekani, na huivaa kiunoni hata kanisani. Ile ni bei ya ng'ombe. Hizi zangu ni bei ya kuku, tena kuku mgonjwa.

Nimemuuliza Muzammil kama ni orijino. Amesema hapana, ni feki, lakini ni feki ya kwanza, si feki ya feki. Nimeupenda ukweli wake. Mwongo hawezi kukuambia hivyo.

Mpango ni huu. Jumamosi ya tarehe 15 tunaenda kwao Wangechi, Theta. Watu wa kwao na wa kwetu wote watakuwa pale, wamekaa, wameshiba, hawana pa kwenda. Halafu mimi nasimama mbele yao na kukata kiande, lile bega la mbuzi wa kuchoma. Bila kukata kiande mwanamke hajawa mke, hata mkizaa timu nzima ya mpira. Kila jicho litakuwa kwenye mkono wangu. Na mkononi nitakuwa na nini? Tangazo la bure!

Viatu nitaazima kwa Eddie, msimamizi wangu wa harusi. Wangechi sijamwambia kitu. Nataka ashtukie tu mume ni mfanyabiashara.

Jumatano, 5 Novemba

Majaribio. Nimekata waya wa kuanikia nguo. Yaani, nimejaribu. Ule waya ni mgumu kuliko waya wa kawaida.

Jirani yangu Akello ameniomba nimkazie mpini wa sufuria. Nimeingiza bisibisi, nimezungusha, bisibisi imezunguka, skrubu imekaa pale pale. Nilipoitoa ilikuwa imepinda kama ndizi. Akello amesema hicho si chuma, ni mkebe uliokufa ukafufuka. Nimemweleza kuwa bisibisi inayopinda haiwezi kukatika ikakudunga jicho. Ni mambo ya usalama.

Kisha nimemfungulia soda. Pwa! Imefunguka vizuri sana, hata yeye amekubali. Hajanunua, lakini ameishika koleo mkononi kwa muda, na mteja akishika, nusu ya kazi imekwisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeshuka Witeithie kumwona Wangechi kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Nimemkuta Lenny ameegemea kaunta, kiuno mbele. Huyu jamaa hana kwao?

Ameomba aone koleo yangu. Ameipima kwa mkono, amefungua kisu, amekitikisa kikacheza kama jino la mtoto. Ameniuliza kama hiyo ni toy ya watoto. Amesema haiwezi kukata hata ugali. Damu imenichemka. Nimemwambia tarehe kumi na tano ataona. Wangechi akauliza ataona nini, nikaanza kukohoa mpaka akanipa dawa ya kifua.

Lenny alipoondoka, Wangechi aliniuliza kama nimeshanunua kisu cha kiande. Nimesema kisu ninacho. Si uongo, kimo ndani. Akanishika mkono, akaniambia nisicheze na baba yake mkubwa, Mzee Kagwe, ambaye ndiye atakayewaongoza wazee siku hiyo. Mwaka juzi alimrudisha bwana harusi mwingine nyumbani kwa sababu alikata mfupani badala ya kwenye kiungo. Yule dada wa watu mpaka leo yuko kwao, na kanisani wanamuuliza anangoja nini. Wangechi amesema akirudishwa hivyo atakufa kwa aibu. Ameniambia nikumbuke kwamba rahisi ni ghali.

Nimemwahidi kwa moyo wangu wote. Nampenda huyu msichana, jamani. Nampenda mpaka nasahau nilichokuwa nasema.

Jumapili, 9 Novemba

Wazo kutoka mbinguni, katikati ya mahubiri! Msafara wetu wote wavae koleo kiunoni. Kama sare. Wakwe waone upande wa bwana harusi una vifaa.

Baada ya ibada nimewagawia wote: wajomba, binamu, wanakwaya, hata mama. Nimewaambia hakuna haja ya kubeba kisu kingine chochote. Tata Magdalene, shangazi yangu, amekuwa mgumu kidogo. Yeye haendi sherehe yoyote ya nyama bila kisu chake ndani ya kiondo, kimenolewa mpaka kimebaki chembamba. Nimembembeleza akiache nyumbani. Kinaharibu sare. Amekubali shingo upande.

Alhamisi, 13 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Nimenunua smokie, ile soseji ya barabarani, pale kwa mkokoteni na kuikata kwa koleo. Imekatika mara moja, vipande viwili, safi! Smokie ni nyama. Mbuzi ni nyama. Sina swali lingine.

Kuna kasoro ndogo. Ukibonyeza sana, kisu kinajikunja chenyewe kurudi ndani, kama kina aibu. Nimekitia gundi. Eddie ameuliza kama ni busara kuoa kwa gundi. Nimemwambia aniletee viatu na aache maneno.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika haraka kabla sijasahau, ingawa Eddie anasema hakuna aliyekuwepo atakayesahau.

Asubuhi ilianza vizuri kupita kiasi. Mvua ilikuwa imenyesha Theta, matope mpaka kwenye soksi, lakini tuliingia tukiimba, koleo zikigongana viunoni. Wakamficha Wangechi kati ya wasichana waliofunikwa leso ili nimtafute. Nikamjua papo hapo, kwa sababu alikohoa kama mtu aliyemeza chaki, Mungu ambariki. Wazee wakacheka. Mzee Kagwe akanipiga begani na kuniita mkwe kabla ya wakati. Nilikuwa na furaha hata sikuhisi viatu vya Eddie vikinibana.

Kiande kikaletwa kwenye sinia, kinatoa moshi. MC akasoma tangazo langu kwenye kipaza sauti: bwana harusi atakata kwa chombo cha kisasa, chenye kazi kumi na nne, kinachopatikana kwake baada ya chakula. Makofi! Nikafungua koleo kwa mkono mmoja, kwa madoido. Hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Nikaweka kisu kwenye kiungo. Nikabonyeza. Kiungo kikatulia tu. Nikabonyeza kwa nguvu za mwanamume anayeoa. Tak! Mkono wangu ukarudi na mpini. Kisu kikabaki ndani ya mbuzi.

Nikatabasamu, nikatoa msumeno. Meno yote yakalala upande mmoja. Nikatoa mkasi. Habari za mkasi siziandiki.

Mzee Kagwe akauliza, polepole, kama upande wa bwana harusi una kisu kingine. Watu wangu wakasimama kama jeshi. Kila mmoja akachomoa koleo! Wakaja mstari mmoja, mjomba, binamu, wanakwaya. Tak. Tak. Tak. Tata Magdalene alivunja mbili, na ya pili nadhani alivunja kwa hasira. Mwishowe kiande kilikuwa na vyuma vingi kuliko gereji. Wanawake wa upande wa Wangechi wakaanzisha wimbo wa kuuliza kama tumekuja kuoa au kumshona mbuzi. Ulikuwa wimbo mtamu. Hata mama yangu aliuitikia kabla hajajikumbuka.

Mama mmoja wa kwao akaleta kisu cha jikoni. Wazee wakakataa, bwana harusi haoi kwa kisu cha wakwe. Ndipo Lenny akajitokeza taratibu, akafungua ile yake ya Marekani, akaniwekea mbele. Kisu kiling'aa. Nakiri kilikuwa kizuri, na nilikichukia. Mzee Kagwe akauzuia mkono wake.

"Kisu ni cha Lenny, mbuzi ni wa Njau," akasema. "Sasa tukikata, bibi atakuwa wa nani?"

Wazee wakaenda kando kushauriana. Wakarudi na uamuzi: kiande chenye vyuma hakiliwi na mtu, kwa hivyo hakijakatwa. Nirudi Jumamosi ijayo na mbuzi mwingine na kisu kilicho kisu. Nikishindwa tena, nisirudi. Wangechi abaki kwao mpaka hapo.

Alikuwa amekaa na mavazi yake yote mazuri, machozi yanashuka kimya kimya. Nilitamani ardhi inimeze na katoni yangu. Akaniita karibu.

"Njau, Jumamosi uje na kisu," akasema. "Kisu peke yake. Usifikirie kitu kingine chochote."

Jumapili, 16 Novemba

Sijaenda kanisani. Wale wanakwaya wote walikuwepo jana Theta.

Nimefikiria sana. Kosa kubwa lilikuwa la gundi. La pili, yule mbuzi alikuwa mzee.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeenda Thika kumlalamikia Muzammil. Ameuliza nimekata nini. Nimesema mbuzi. Ameniuliza kama si yeye mwenyewe aliyeniambia ni feki. Amenihurumia, amenitolea kiti, amenipa chai ya maziwa, halafu akanionyesha toleo jipya lenye tochi.

Nimelikataa! Nimesimama, nimesema asante, nimetoka bila kugeuka. Huyu ni Njau mpya. Nikiwa barabarani nimejisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Wangechi amepiga simu kusema nisihangaike kutafuta kisu. Ameshamtuma Eddie akanunue, na nisimuulize Eddie kimewekwa wapi. Nadhani hayo ni mapenzi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeoa! Nimeoa, nimeoa, nimeoa!

Tulienda Theta wachache, kimya, bila sare. Hata kisu sikuruhusiwa kukigusa mpaka kiande kikawa mbele yangu. Eddie alikitoa ndani ya koti lake kimefungwa kwa gazeti, kisu cha bucha, kizito, na Tata Magdalene alikuwa amekinoa mwenyewe. Nikakiona kiungo, nikashusha. Mara moja tu. Bega likaachana kama limechoka kusubiri.

Vigelegele! Mzee Kagwe aliinua kofia yake. Nikamlisha Wangechi kipande, akanilisha, na vidole vyetu vilikuwa na mafuta na hatukujali. Aliniambia sikioni kwamba alikuwa hajalala wiki nzima. Mimi pia nilikuwa sijalala, lakini sikusema, nilikuwa nalia. Lenny alinipa mkono na kuniita bro. Hata yeye leo nimempenda kwa dakika kadhaa.

Halafu sasa! Soda zikaletwa, kifungua soda hakuna. Nikakumbuka zile koleo chache zilizobaki kwenye gari la Eddie. Nikazileta. Pwa, pwa, pwa! Hakuna hata moja iliyoshindwa. Wageni walizichukua zote, Mzee Kagwe mwenyewe aliweka ya kwake kwenye mfuko wa koti. Kwa hivyo, ukiangalia kwa undani, nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Wangechi alisema nisiliseme hilo tena leo.

Harusi ya kanisani ni Desemba. Yeye na mama yake wameshagawa kazi zote. Mimi nimeachiwa moja tu, tena ndogo: pete.

"Pete tu," Wangechi alisema, akinitazama machoni. "Na ziwe za kweli."

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeingia duka la sonara Thika. Duka la kweli, lenye kioo na askari mlangoni. Nimeuliza bei ya pete mbili. Masikio yamenivuma. Nimemwambia yule dada nakuja, naenda tu kumwona mtu.

Na huyo mtu nimemwona kweli! Hatua chache tu kutoka mlangoni kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mama mmoja mcheshi aitwaye Dorine. Pete zimepangwa kwenye kitambaa chekundu, zinang'aa kuliko za ndani ya kioo. Nimemuuliza bila kupepesa macho kama ni dhahabu ya kweli. Siku hizi mimi huuliza. Amesema ni dhahabu ile ile, ila za sonara unalipia kioo na mshahara wa askari. Ni jambo ambalo sikuwa nimelifikiria! Akanionyesha na mhuri ndani yake, umeandikwa GOLD kabisa, kwa herufi kubwa.

Nimechukua mbili. Kisha, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri na Desemba ni mwezi wa harusi, nimechukua bakuli zima la pete alilokuwa nalo chini ya meza. Nimeshaona pa kuziuzia: pale pale kanisani, mara tu tukitoka madhabahuni, watu wakiwa bado wanalia. Wangechi sijamwambia. Nataka afurahi kwa ghafla.

Yangu nimeivaa tangu mchana kuizoesha. Ni nzuri ajabu. Kidole chini yake kimegeuka kijani kidogo, lakini Dorine alikuwa amenitahadharisha nisishtuke: hivyo ndivyo dhahabu halisi inavyojitambulisha kwa ngozi.