Kidato cha Juu cha Nyumba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimepiga simu ofisi ya jiji kuomba ukaguzi wa mwisho. Nyumba haijaisha. Makusudi! Foleni ya mkaguzi ni ndefu, kwa hiyo mkandarasi mwenye akili hushika nafasi kwanza, kazi humalizikia njiani.

Binti wa simu akauliza namba ya kibali. Nikaisoma. Umeme umeshakaguliwa? Umepita. Mabomba? Yamepita. Vyuma vya kushikia ngazini vimefungwa? Nikasema vimefungwa, huku nikivitazama vimelala uani. Akasema basi mkaguzi atakuja keshokutwa asubuhi, mlango uwe wazi, kibali kibandikwe kinapoonekana, na mimi mwenyewe niwepo. Keshokutwa! Foleni imekufa lini?

Lazima ipite. Ni nyumba ya mama mkwe. Ameapa hahamii mpaka jiji liseme ni salama, na mpaka siku hiyo anakaa kwangu. Amepewa chumba chetu. Mimi na mke wangu tunalala sebuleni. Kila asubuhi anatuvuka akienda jikoni na kuuliza, kwa upole kabisa, ni mkandarasi gani huyu asiye na godoro la pili.

Umeme wa nyumba ile amefunga shemeji, kaka wa mke wangu. Ukaguzi wake ulipita mara ya kwanza. Tangu hapo anatembea kama bwana harusi.

Jumanne, 5 Machi

Vyuma vimefungwa. Rangi imekauka, isipokuwa pale nilipoegemea.

Limebaki jambo moja dogo. Kidato cha juu kabisa cha ngazi kimewazidi wenzake kimo. Si kosa langu! Ngazi niliimwaga sawasawa. Kisha mama mkwe akachagua vigae vinene vya ghorofani, sakafu ikapanda, ngazi ikabaki pale pale. Nani hukumbuka unene wa vigae siku ya kumwaga zege? Tofauti yenyewe ni upana wa kidole. Macho hayaioni. Miguu ndiyo inaiona: fundi rangi kajikwaa, fundi bomba kajikwaa, na mimi nimejikwaa nikiwa nawacheka.

Mpango: nimetandika zulia ngazi nzima. Fundi rangi atasimama juu, na mkaguzi akikaribia kidato kile, atamwamkia kwa sauti kubwa. Mtu akiamkiwa husimama. Akisimama, anajua ardhi iko wapi. Wakati mwingine najiogopa kwa akili nilizo nazo.

Jumatano, 6 Machi

Mkaguzi ni mama wa makamo, mfupi, ana sauti ya chini. Alianzia bafuni. Akamwaga kopo la maji sakafuni, akangoja. Maji yakajikusanya, yakaenda yenyewe kwenye tundu, hata tone halikupotea njia. Akatabasamu. Nami nikatabasamu. Sikujua nimejenga kitu kizuri hivyo!

Kisha ngazi. Akavua viatu. Akalikunja zulia lote, akanipa nilishike. Akafumba macho, akaanza kupanda bila kugusa vyuma.

Fundi rangi alisahau kuamkia, mdomo wazi. Miguu ya yule mama ilipanda kwa mdundo mmoja, bila haraka, mpaka kidole gumba kikagota kwenye kidato cha juu. Akafumbua macho. Akaniambia tu kwamba umeme ukikatika, hapo ndipo mwenye nyumba atakapovunjika nyonga.

Tumefeli. Nami nilitaka kupiga makofi. Haki ya nani! Niko kwenye ujenzi tangu sijaota ndevu, sijapata kuona mguu uliosoma namna ile. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa imepatikana. Kama sakafu ya juu imepanda, basi vidato navyo vipande juu! Nimebandika vigae vile vile juu ya kila kidato. Sasa kile cha juu kiko sawa na ndugu zake. Shemeji akauliza, na cha chini je? Nikamwambia ashughulike na nyaya zake. Wivu tu huo.

Nimepiga simu jijini gundi ikiwa mbichi. Binti akauliza kama marekebisho yamekamilika. Nikasema kabisa.

Jumanne, 12 Machi

Akaja. Akavua viatu. Akafumba macho. Akainua mguu wa kwanza kabisa, akajikwaa.

Kidato cha chini! Kosa halikuondoka, limeshuka ngazi. Nilichopunguza juu nimekiongeza chini. Nimelitazama kosa lenyewe kwa heshima kubwa. Lina akili kuliko mimi! Mkaguzi akanieleza taratibu kwamba sasa na sakafu ya chini lazima ipande kwa unene ule ule, vyumba vyote. Akaongeza kwamba simu hupigwa kazi ikishakwisha, si ikishaanza. Alisema kwa upole mpaka nikaona haya.

Mama mkwe hakugomba. Alisema tu mwenda pole hajikwai, kisha akaagiza kabati lake liletwe kwetu. Kabati! Mke wangu akanitazama. Hajapata kunitazama vile tangu tuoane, na sitaki anitazame vile tena.

Jumatatu, 18 Machi

Vigae sakafu nzima ya chini. Milango ikagoma kufunguka, nikaitoa yote na kuikata chini. Mgongo si wangu tena. Shemeji alikuja kubeba ndoo bila kuitwa. Alijitahidi asicheke. Alishindwa, lakini alibeba.

Alhamisi, 21 Machi

IMEPITA!

Alipanda macho yamefumbwa, akashuka, akapanda tena. Ile ya pili nadhani ilikuwa raha yake tu. Akasaini, akavaa viatu, akasema ni ngazi nzuri.

Watu walipoondoka nilivua viatu na mimi. Nikafumba macho. Nikaanza kupanda. Kila nilipoinua mguu, kidato kilikuwa pale pale mguu ulipokitarajia, mpaka juu, na sakafu ikanipokea kana kwamba ilikuwa ikinisubiri. Mimi ndiye niliyejenga hiki? Mikono hii? Nimekaa juu pale nikalia, shemeji akanikuta, akajifanya anakagua swichi.

Nimeapa. Kuanzia leo kazi kwanza, simu baadaye. Kiapo cha mwanamume.

Ijumaa, 22 Machi

Mama mkwe amehama, yeye na kabati. Mke wangu amejitupa kitandani mchana kweupe, anacheka peke yake. Nyumba yetu imekuwa pana ghafla!

Kabla hajaondoka mama alinishika mkono, akaniita mwanangu, jambo ambalo si la kila siku. Ngazi imemkosha. Anapanda na kushuka bila sababu. Imemkosha kiasi kwamba ameshamsimulia dada yake, ambaye ana kiwanja kitupu mtaa wa pili na hamtaki mkandarasi mwingine ila mimi. Analeta mizigo Jumapili. Atakaa kwetu mpaka nyumba yake ipite ukaguzi.

Sijamwambia mke wangu. Nimetoka nje kwanza, nikapiga simu jijini kuomba ukaguzi wa mwisho. Foleni ni ndefu, lazima mtu awahi. Binti akauliza mkaguzi akifika kwenye kiwanja hicho atakagua nini.

Nikamwambia kwa sasa ni nyasi, ila zimefyekwa vizuri sana.