Kufuli Lililowekwa na Binti wa Kompyuta

Ndugu Mkurugenzi,

Kwanza nakuamkia kwa heshima, na kukuarifu kuwa huku ghalani tu wazima na maziwa yamelala salama. Lililonileta ni yule binti uliyemwajiri atutunzie programu ya kampuni. Programu hiyo, kama ujuavyo, imeundwa kwa Java, lugha ya kompyuta, vipande vipande, na baadhi ya vipande hutoa huduma nje, ili mtu aliye mbali aziite kwa mtandao. Zamani yeyote aliita, akaitikiwa. Binti amezifunga zote, isipokuwa huduma ya barua, ambayo nilimsihi aiache wazi ili wenzangu waisome barua hii na kuongeza sahihi zao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikitaka kujua kiwango cha baridi katika chumba cha maziwa, programu inaniuliza mimi ni nani. Mimi ndiye mkuu wa ghala. Hata mbwa wa getini hanibwekei. Tulilelewa tukiambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo hata mwenyeji anaachwa mlangoni.

2. Shemeji yangu, ambaye si mfanyakazi lakini ana moyo, alikuwa akinisaidia kurekebisha baridi akiwa kwake, amejilaza kwenye kochi. Sasa anaambiwa hana ruhusa. Ni kweli aliwahi kuyagandisha maziwa yote yakawa mawe. Lakini kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, naye alirudia mara moja tu.

3. Nimepewa ruhusa ya kusoma kiwango cha baridi, si ya kukibadilisha. Ya kubadilisha amepewa fundi wa majokofu, ambaye hata kwenda kula huniomba mimi. Binti anasema kila mtu apate kile tu ambacho kazi yake inadai. Ndugu Mkurugenzi, tukienda hivyo, mimi na wewe tutabaki na nini? Imeniuma sana.

4. Neno langu la siri nililibandika kwenye mlango wa ghala ili asisumbuke mtu. Binti akalibadilisha. Nikabandika jipya, akabadilisha tena, na sasa hata salamu hanipi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na ghala letu halijawahi kukosa wengi.

5. Kwa hayo yote nimechoka, naomba kuacha kazi leo hii. Nafasi yangu apewe fundi wa majokofu, kijana mtulivu na mwenye adabu.

Naomba basi makufuli yote yaondolewe, tuishi kwa kuaminiana kama ndugu. Nisalimie mhasibu, walinzi wa zamu zote, na mama anayetupikia chai. Mwambie kikombe changu ni kile chenye mpini.

Ni mimi, mtiifu wako katika baridi,
Mkuu wa Ghala

Nyongeza: Namba tano si yangu. Nimeiona sasa hivi nilipoisoma tena barua hii, na chini yake naona umeshajibu kwamba umekubali. Fundi ameshakalia kiti changu. Tafadhali, binti aje upesi na kufuli lake, aanze na huduma ya barua. Neno la siri safari hii sitalibandika popote. Nitamwambia shemeji tu.