Nota za Msiba Wangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimerudi kutoka hospitali. Daktari alimaliza kunipima, akamwita binti yangu Justa nje. Wakanong'ona. Justa akarudi anatabasamu. Basi nakufa! Nilimbana njia nzima aniambie alichoambiwa. Akasema nimeambiwa nipunguze chumvi. Chumvi! Tangu lini daktari akanong'ona habari za chumvi?

Kwa hiyo kuanzia leo naandika ukweli mtupu, kama inavyompasa mtu aliye mlangoni pa kaburi. Ningeungama kwa Padre, lakini Padre anakula chakula cha jioni na Yordani, mwalimu wa kwaya. Naungamia hapa hapa.

Jioni kwaya wakaanza wimbo mpya. Kanisa liko ng'ambo ya michongoma yetu, kwa hiyo nikikaa barazani nasikia kila kitu. Wimbo wa polepole. Mzito. Tena hauna maneno! Ni so, mi, re, do, basi. Nikajikongoja na fimbo yangu hadi kwenye michongoma. Wakanyamaza. Yordani akanipa shikamoo yenye sukari nyingi mno. Nikamuuliza maneno ya wimbo yako wapi. Akasema nota kwanza, mzee wangu, maneno baadaye, ndivyo kwaya zote zinavyojifunza.

Nimekuwa mkaguzi wa shule kuanzia Mashewa hadi Bungu. Najua darasa linaloficha kitu linavyonyamaza.

Ni wimbo wa mazishi yangu.

Hapa Korogwe kwaya yetu humtungia marehemu wimbo, likatajwa jina lake na mema yake. Fundi cherehani wa sokoni alipata ubeti mmoja, mfupi. Marehemu mke wangu, Rhoda, alipata miwili. Anayetunga ni Yordani. Na mimi ndiye ninayeiandikia kamati ya kanisa kila Pasaka kwamba kwaya yake ni kelele. Atanipa nini? Nusu ubeti!

Jumanne, 2 Septemba

Muhsin amekuja na kahawa. Ni Mzigua wa Handeni, na mimi baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, kwa hiyo tu watani. Alinikagua miguu iliyovimba kama anayenunua mbuzi. Akaniomba nivumilie mpaka avune, maana hapendi kwenda msibani na njaa, halafu akauliza kiti changu cha barazani nimemwandikia nani. Ndiye mtu pekee ninayemwamini mji huu. Anasema wazi kwamba anasubiri nife.

Nikamweleza habari ya wimbo. Akacheka mpaka akamwaga kahawa. Akasema wakikusengenya kwa lugha usiyoijua, mtani, dawa ni kujifunza lugha yao.

Mzigua ana akili wakati mwingine. Sitamwambia.

Mchana nikamwita Evodia. Huimba sauti ya kwanza na huuza vitumbua mbele ya geti letu. Nikamwambia nataka kujifunza nota ili nimsifu Mungu vizuri zaidi. Naungama: uongo. Alifurahi, akanipa kitumbua cha bure. Nikakikagua kabla ya kula.

Jumatano, 3 Septemba

Somo la kwanza. Do, re, mi, fa, so, la, ti, halafu do tena, ya juu. Nikauliza kwa nini do inarudi mara mbili na wengine hawarudi. Evodia akasema ndivyo ilivyo. Hilo si jibu.

Mambo ya kutia shaka ni mengi. Kwanza, hiyo do haina makazi. Wimbo huu iko hapa, wimbo ule imepanda kule, na wenzake wote wanaifuata bila kuuliza. Mtu wa kuhamahama hivyo angetakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Pili, kutoka do kwenda re ni hatua nzima, re kwenda mi hatua nzima, lakini mi kwenda fa ni nusu. Nani aliipunguza? Ti kwenda do, nusu tena! Fundi angenijengea ngazi ya shule namna hiyo, ningeikataa na kumwita ofisini.

Mapigo ni rahisi. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Kistari maana yake shikilia, usiachie sauti. Nilijaribu kushikilia kistari kimoja, nikakohoa mpaka Justa akaja mbio. Akamkaripia Evodia. Akasema baba hataki kuacha chumvi, sasa anataka kwaya? Sikumwelewa, ila nimeiweka akilini.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekaa barazani na kalamu, nikauandika wimbo wote kwa kusikiliza. Mimi! Kwa umri huu! Nikamwonyesha Evodia, akasema nimekosea fa moja tu. Hiyo fa tena.

Lakini nimeusoma mbele, nimeusoma nyuma, na haunitaji popote. Evodia anasema nota haziwezi kusema kitu, zinaonyesha tu sauti ipande wapi na ishuke wapi. Yaani siku zote hizi nimejifunza lugha isiyo na habari!

Ndipo nikapata mpango. Kama maneno bado hayajatiwa, basi atakayetangulia kuyatia ndiye mshindi. Nitayatunga mwenyewe. Beti tatu!

Kikwazo: jina langu. Mahali linapostahili kukaa pana nota nne, na Deogratius ni silabi tano. Ile ya mwisho imebaki nje kama mgeni asiye na kiti. Yordani amefanya makusudi. Evodia akasema hapana, babu, pigo moja hugawanywa, unatia nukta moja katikati, silabi mbili zinakaa pigo moja zikibanana. Nimebanana. Naingia.

Ijumaa, 5 Septemba

Beti zimekamilika. Wa kwanza unahusu elimu yangu. Wa pili, unyenyekevu wangu, ndio mrefu zaidi. Wa tatu ni wa Rhoda, maana ile miwili yake ya zamani haikusema chochote kuhusu alivyocheka.

Nikamkabidhi Evodia karatasi, aiweke kwenye kinanda na kusema imetoka kwa muumini asiyetaka kujulikana. Aliisoma. Akaniangalia sana. Akauliza kama huyo muumini anaumwa. Nikamwambia sana.

Naungama: nimebadilisha mwandiko.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimegundulika! Yordani amekuja na karatasi yangu mkononi. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, nimeandika: Imekaguliwa. Kazi nzuri. Mkono ulijiandikia wenyewe, kwa mazoea.

Hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi. Akaketi, akaeleza polepole, kama ninavyoelezwa mambo siku hizi. Wimbo ule si wa msiba. Ni wimbo wa lazima wa tamasha la kwaya Handeni, umeletwa kwa kwaya zote, na maneno yake ni ya kushukuru kwa mvua. Nikasema wimbo wa mvua hauwi na majonzi kiasi kile. Akasema hauna majonzi, mzee, tunauimba polepole kwa sababu bado hatuujui.

Jibu la haraka mno. Alilifanyia mazoezi.

Nikamuuliza, basi, siku yangu ikifika nitapewa beti ngapi. Akatazama chini. Akasema alidhani nisingetaka hata mmoja, kwa barua zile za kila Pasaka. Kwa hiyo hakuwa na mpango wa kunitungia chochote. Hata nusu ubeti! Kifua kilinibana, na haikuwa chumvi.

Halafu akasema maneno yangu anayapenda, hasa ule wa tatu, atautunza. Nikauliza autunze mpaka lini. Akaona aibu. Nikamwambia sitaki kutunziwa, nataka kusikia nikiwa na masikio.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa wanakwaya walinipeleka mbele na kiti changu, wimbo wangu uimbwe nikisikia. Muhsin alisimama mlangoni na kofia yake, akaniambia nikae wima, nisimchafulie kiti.

Mwimbaji wao mmoja wa besi amekwenda Kwashemshi shambani, kwa hiyo nikaishika sauti hiyo ya nne mwenyewe. Ubeti wa kwanza niliuimba vizuri kuliko wote. Wa pili pia. Yordani ameupunguza unyenyekevu wangu, nimeliona hilo. Wa tatu, kwenye jina la Rhoda, pana kistari kirefu. Nilishindwa kukishikilia. Wao wakakishikilia. Evodia juu, wengine chini, hawakuachia mpaka nikapata pumzi nikaingia tena.

Justa alilia. Nami jicho lilikuwa na vumbi.

Yordani akaniomba niende nao Handeni kama besi. Nikakubali. Usiku huu nitalala bila kumshuku mtu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimelala vibaya. Handeni! Barabara yote ile, kwa mgonjwa wa miguu? Wana wimbo wangu tayari, beti tatu, zimefanyiwa mazoezi mbele ya watu wote. Kimebaki kitu kimoja tu cha kuukamilisha, na sasa wanakitafutia usafiri.

Nikasema nisiwahukumu. Nikakaa barazani kusikiliza. Wakaanza: so, mi, re, do. Nota zilezile, sasa nazijua, hawawezi kunidanganya. Lakini kwa haraka! Kwa makofi! Evodia alipiga kigelegele! Wimbo wa msiba wangu, na wanaucheza!

Nimemtuma Muhsin akapeleleze. Amerudi anayumbisha mabega, anasema ni mtamu.

Nitakwenda Handeni. Nitakaa nyuma kabisa, kwenye besi, ambako nitawaona wote migongo.

Justa ameleta supu. Haina chumvi hata chembe. Kumbe na yeye yumo.