Siri ya Duka la Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi

Duka kubwa la ng'ambo ya barabara limeanza kuuza santuri. Santuri! Wale wale wauza ndoo na mito. Wateja wangu wote wamevuka kwenda kutazama. Fundi redio, jirani yangu wa ukuta mmoja, naye kavuka. Aliporudi alidai alifuata betri. Sikuona betri.

Hiki kiduka cha santuri tuliachiwa na baba mkwe. Kikifia mikononi mwangu, ukoo wa mke wangu utanisema mpaka kwa vitukuu. Kwa hiyo najiuliza: wale wana nini ambacho mimi sina? Nilimuuliza mke wangu. Akasema wana mlango unaofunguka wenyewe, wa kwetu mpaka uusukume kwa bega. Nikamwambia swali langu ni zito kuliko hilo. Akaendelea kufuta vumbi.

Jumanne, 4 Machi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nimekwenda kuona vinaundwaje. Nilivaa koti la mvua la marehemu baba mkwe na miwani yake ya kusomea. Jua lilikuwa kali. Kwa miwani ile nilimwamkia mama mmoja mara mbili, kumbe ni sanamu ya kuonyeshea nguo.

Lakini niliyoyaona! Kila santuri imefungwa nailoni, inametameta. Gramafoni hakuna. Nilimwomba binti muuzaji nisikilize moja tu. Akasema hapa hazisikilizwi, zinanunuliwa. Nikamfuata bwana mmoja rafu hadi rafu. Alichukua santuri, akaigeuza, akaitia kikapuni, akaenda kulipa. Hakuuliza neno! Kwangu mtu huyo angekaa asubuhi nzima, angeimba kidogo, angebishana na fundi redio, kisha angesema nitarudi kesho.

Siri nimeipata. Nailoni na ukimya.

Mlangoni meneja wao, bwana mrefu ninayemwita Mwenye Tai, aliniaga kwa adabu. Alisema karibu tena, jirani. Sijui alinijuaje. Koti lilinifika magotini.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amekwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua. Nafasi ndiyo hii. Jana na leo nimefunga santuri zote kwa nailoni ya jikoni. Benchi la wateja nimelipeleka uani. Gramafoni nimeifunika shuka. Ukutani nimebandika karatasi: USIGUSE. USIULIZE. KARIBU SANA.

Fundi redio alikuja na kikombe chake cha chai kama kawaida. Alilitafuta benchi kwa macho, kisha kwa makalio. Nusura aanguke. Akainywa chai kwa kusimama na kuondoka bila kuaga. Ukimya umeanza kufanya kazi.

Mwalimu wa kwaya alinunua santuri ya nyimbo za ibada. Jioni akarudi. Kumbe wakati wa kufungafunga nilichanganya majalada. Aliipiga mbele ya kwaya nzima, ukatoka muziki wa dansi, mwanamke anamtimua mume mlevi. Nilimwomba radhi, nikataka kumbadilishia. Akasema nisiwe na haraka. Wanakwaya wanataka kwanza kusikia upande wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna aliyeingia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeusubiri mshindo kutwa nzima. Nimesikia tumbo langu tu.

Mchana nilifanya utafiti. Nikatoka nje, nikaingia kwa bega kama mteja. Nikatazama rafu. Nikasoma karatasi ukutani. Nikaogopa kugusa. Nikatoka. Ajabu kweli: duka langu mwenyewe, na sikununua kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amerudi. Alisimama katikati ya duka akazitazama santuri za baba yake.

"Umezivisha sanda," alisema.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Alianza kuchana nailoni, moja baada ya nyingine, nami nikaambiwa nikalete benchi.

Hata sijaliweka chini vizuri akaingia bibi mmoja mwenye kilemba cheupe. Alitoka duka la ng'ambo. Kule alitafuta wimbo, wakamuuliza unaitwaje. Jina halijui. Anachojua ni kwamba marehemu mumewe aliupiga mluzi kila asubuhi akinyoa ndevu. Mke wangu akamwomba aupige. Bibi akaona haya, kisha akaupiga. Katikati mluzi ukamkatikia.

Duka likachangamka. Fundi redio alitokeza na kikombe, akaapa anaujua. Tukaweka santuri aliyoitaja. Siyo. Mwalimu wa kwaya naye akaingia, akasema ni wa mwendo wa polepole zaidi. Siyo. Watu waliokuwa wakipita wakaingia, kila mmoja na mluzi wake. Nyuma yao nikamwona Mwenye Tai, bila tai, leo ni zamu yake ya kupumzika. Alimsikiliza bibi kwa makini, akasema mama yake alikuwa nao, ila uko upande wa pili wa santuri hiyo hiyo, ule ambao watu hawaupigi. Mke wangu akageuza santuri, akashusha sindano.

Bibi hakukaa. Alisikiliza amesimama, mkono shavuni, mpaka mwisho.

"Kumbe alikuwa anaruka mstari," akasema. "Miaka yote ile, anaruka mstari, na mimi sijui."

Akacheka, akafuta macho kwa pindo la kilemba, akaomba urudiwe. Hakuna aliyetoka. Baada ya hapo kila mtu alikumbuka wimbo anaoutafuta, na mke wangu hakupata hata nafasi ya kunywa maji. Mwenye Tai alikaa benchini mpaka jioni. Alisema kule kwake ni mwezi wa ngapi sasa hajaulizwa swali la maana. Wanamuuliza tu sabuni ziko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kutwa nikiitafakari jana. Siku kama ile haijatokea tangu enzi za baba mkwe. Lazima ina sababu, na mimi si mtu wa kulala bila kuijua.

Mke wangu anasema sababu iko wazi: watu walisikilizwa. Ni jibu zuri la mwanamke mwenye huruma. Lakini biashara inataka ushahidi, na ushahidi aliutoa meneja mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, bila kubanwa. Watu wanaulizia sabuni!

Kesho mke wangu anarudi kwa dada yake. Muuza jumla ameahidi kuleta katoni asubuhi: za kufulia, za kuogea, na za unga. Mahali pa kuzipanga nimeshapapima. Zitaenea vizuri, mradi nitoe benchi na gramafoni.