Mjomba Ndalahwa Apeleka Habari ya Msiba

Mjomba Ndalahwa hakujibu swali lolote duniani kabla hajavua miwani, akaipulizia, akaifuta kwa ncha ya tai na kuirudisha puani. Hata siku ya ndoa yake, padri alipomuuliza kama anamkubali Rozalia, kanisa zima lilisubiri miwani itakate. Bibi harusi alianza kutetemeka.

Lakini akishaifuta, basi! Utaambiwa ukweli mpaka ujute kuuliza. Huyu ndiye aliyewaandikia watoto kitabu cha Baba Yako ni Mlevi, kisha Babu Hatarudi, na picha yake nyuma ya jalada, amekunja uso kama mtu aliyetwishwa Mlima Rungwe. Alizunguka shule kutoka Mbeya mpaka Mlandege mjini Iringa akinguruma: "Watoto wasidanganywe! Mtu amekufa, semeni amekufa! Hii 'anaumwa kidogo' ni woga wa watu wazima!"

Walimu walipiga makofi. Darasa la tatu walilia. Yeye akaona kazi imefanyika.

Machi 1976, katikati ya muhula, mpwa wake Nyamizi, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya masista nje ya Iringa, aliitwa ofisini. Akamkuta mjomba ameketi, miwani mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumbani hawajambo?"

Miwani ikafutwa. Ikafutwa tena. Sista Verediana akageukia dirisha.

"Hawajambo. Ila babu yako Bujiku anaumwa kidogo. Chukua nguo mbili tatu."

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mitano, si mitano. Nani angetoka nyumbani Usangu hadi Iringa kumtoa mtoto darasani kwa sababu mzee anaumwa kidogo? Alijua palepale. Na kama angekuwa na shaka, ulikuwepo ukurasa wa kumi na nne wa Babu Hatarudi, aliolazimishwa kuukariri likizo nzima: "Usipomwambia mtoto wewe, atasikia kilio akiwa njiani."

Hilo ndilo aliloliogopa, kushuka basini na kupokewa na kilio. Alitaka aambiwe na mtu. Akaamua kumpa mjomba nafasi. Njia ilikuwa ndefu.

Mafinga.

"Mjomba, babu anaumwa nini?"

Miwani. "Kichwa."

Makambako.

"Bado kichwa?"

"Kimeshuka mgongoni."

"Lakini anakula?"

"Leo hajala," alisema mjomba. Walau hapo alisema kweli!

Mama wa kiti cha mbele akageuka. "Heee! Si wewe wa Babu Hatarudi? Mimi Mwalimu Severina, nafundisha Chimala. Nawasomea watoto kila Ijumaa! Hebu tuambie, mwalimu, mtu anaanzaje kumwambia mtoto habari kama ile?"

Mjomba akavimba hadi kifungo cha koti kikalalamika. "Rahisi! Unamshika mkono. Unamtazama machoni. Unataja neno lenyewe, bila kuzunguka!"

"Naam!" abiria wakaitikia. Konda naye akaacha kudai nauli ili asikie hekima.

Nyamizi akanyoosha mkono. "Mjomba, mkono huu hapa."

Mjomba aliutazama kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani. Akavua miwani. Ikamponyoka, ikapotelea chini ya viti, kwenye vikapu vya vitunguu. Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Babu yako," akasema, "babu yako... amepata nafuu sana!"

"Mungu mkubwa!" basi zima likashangilia. Mzee mmoja akampa Nyamizi machungwa mawili ampelekee mgonjwa.

Igawa, kituo chao, ilikuwa inakaribia, na Nyamizi akaona huyu hafiki kwenye neno lenyewe. Akaweka machungwa mapajani.

"Mjomba. Babu amekufa lini?"

Mwandishi wa ukweli akaachia kilio kama ndama aliyeachwa zizini, kamasi zikashuka hadi kwenye tai.

"Juzi! Alfajiri! Wanatusubiri sisi kuzika!"

"Nani kafiwa?" konda akauliza, kachanganyikiwa.

"Yeye," akasema Nyamizi. "Ni baba yake."

Wakamwangukia kwa pole. Mwalimu Severina akatoa khanga kumfuta uso. Nyamizi naye alitaka kulia, lakini ilibidi asubiri zamu yake. Kwanza alikuwa na mtoto wa kubembeleza.

Walishuka Igawa. Alibeba mkoba wake na wa mjomba, akamwongoza kwa mkono, maana miwani ilikuwa imeendelea na safari ya Mbeya. Kilio kilipowafikia kutoka bomani kwa babu, hakikumshtua Nyamizi hata kidogo. Aliyeshtuka ni mjomba, akasimama katikati ya njia.

Wanaume walikuwa wanakuja kumpokea, wampeleke mazikoni. Mjomba akamwinamia mpwa wake, macho mekundu yakiwa uchi bila vioo, akamnong'oneza haraka kabla hawajafika:

"Nyamizi, mwanangu, yale mimi niliwaandikia watoto wa watu."