Doa kwenye Shavu la Mfalme

Jumatatu, 12 Januari

Ushindi! Chama cha Wapenda Sarafu hapa Volos kimenikabidhi mimi, Zisis Karamitros, kazi ya kununua lira ya dhahabu ya kutiwa ndani ya keki ya Mwaka Mpya. Keki tutaikata Jumapili ukumbini. Atakayeikuta lira kwenye kipande chake, ni yake, na bahati ya mwaka mzima ni yake. Polixeni mke wangu ndiye atakayeoka, kama kawaida.

Nimeinunua leo kwa Agathoklis, muuza sarafu wa karibu na stesheni. Juu yake kuna mfalme wa Kiingereza mwenye ndevu, uso laini, hana hata kipele. Nimeiangalia mpaka kahawa ikapoa.

Sasa, Jumapili hiyohiyo kila mwanachama ataweka sarafu moja mezani, watu wapige kura. Itakayoshinda itakaa kwenye kabati la kioo pale ukumbini hadi mwakani, na jina la mwenyewe chini yake kwa herufi za shaba. Fotis, mwenyekiti wetu, mfamasia mstaafu, hushinda kila mwaka, amelifanya kabati lile chumba cha kwao. Leo ameniuliza mbele ya watu kama mwaka huu nitaleta tena vifungo vya koti. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa uchungu.

Ukweli ni kwamba sina kitu. Nyumbani ipo lira moja tu, ya Polixeni. Baba yake, marehemu mzee Athanasis, alimpa siku ya harusi yetu. Inakaa nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolao, kwenye leso, pamoja na sarafu moja ya fedha ya mama yake wa ubatizo ambayo haina maana yoyote. Lira yake ni ya mfalme huyuhuyu. Lakini ina doa jekundu shavuni, utadhani kinyozi alimkata.

Nimemuuliza Agathoklis kuhusu madoa, kijuujuu tu, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki. Akasema dhahabu yenyewe haina kosa. Lira huchanganywa na shaba kidogo, na pale shaba isipochanganyika vizuri, huja juu na kuwa nyekundu. Anayenunua kwa mizani hajali. Ila mpenda sarafu akiona doa hugeuza uso, na bei nayo hugeuza uso. Akaongeza kwamba huyo rafiki yangu asijaribu kulisugua.

Jumanne, 13 Januari

Nimelisugua.

Polixeni alikuwa sokoni. Limau kwanza. Halafu siki. Halafu dawa ya meno, ile ya mistari. Ndevu za mfalme zimeng'aa kama za bwana harusi. Doa liko palepale, tena sasa linaonekana lina afya njema.

Nikakutana na Fotis kwa muuza samaki. Akanusa hewani, akaniuliza, "Zisis, bwana, mbona unanuka kachumbari?" Nikamjibu kwamba Jumapili atajua. Akasema Jumapili anajua tayari, amekwisha kupiga pasi kitambaa cha kuwekea sarafu yake.

Nitamkomesha yule mtu.

Jumatano, 14 Januari

Penye nia pana njia! Wazo limenijia nikiwa bafuni, yanakonijia yote.

Nina lira mbili. Moja safi, ya keki. Moja ina doa, ya Polixeni. Keki ni ya bahati, na bahati haiangalii ngozi. Basi yenye doa iende kwenye keki. Iliyo safi iende mezani, ishinde kabati, imnyamazishe Fotis. Kabati likinichosha, naitia kwenye leso nyuma ya Mtakatifu Nikolao. Polixeni atakuwa na lira ya uzito uleule, mfalme yuleyule, nzuri kuliko ya kwanza. Atakayeshinda keki atapata dhahabu. Nani amedhulumiwa hapo? Nimelitafuta jina la huyo aliyedhulumiwa na sikulipata.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeitoa lira kwenye leso! Lakini nusura ninaswe.

Nilikuwa juu ya kiti, mkono nyuma ya Mtakatifu Nikolao, Polixeni akaingia na kikapu cha nguo. Sikuwa na njia. Nikaegemeza paji la uso kwenye picha, nikafumba macho, nikaanza kunong'ona. Sala pekee iliyonijia ni ile ya kabla ya kula.

Aliweka kikapu chini. Halafu akatoka kwa kunyata. Nikamsikia jikoni akijipenga pua. Baadaye akanipikia maharage makubwa ya kuoka, na sikuyaomba.

Lira yenye doa nimeiviringisha kwenye foili tabaka nyingi na kumpa, nikamwambia asiifungue, ni mambo ya usafi. Akasema, "Sawa, mume wangu." Hajaniita hivyo tangu tuhame nyumba ya zamani.

Ijumaa, 16 Januari

Padri Yorgis amenisimamisha barabarani akanikumbatia. Polixeni amemweleza kila kitu. Akasema hajawahi kusikia mwanamume wa mtaa huu akipanda kiti ili awe karibu zaidi na Mungu. Kesho ananisubiri kwenye sala ya jioni, mstari wa mbele.

Sala ya jioni ni ndefu sana. Lakini ile lira safi iko mfukoni mwangu, na kila nikiigusa nasikia raha.

Jumamosi, 17 Januari

Balaa.

Polixeni ameoka mchana. Nyumba nzima inanukia ganda la chungwa. Nilimwona kwa macho yangu akiikandamiza foili ndani ya unga, akapiga ishara ya msalaba juu yake, akaingiza ovenini.

Tulipotoka kanisani alinishika mkono. Akanikumbusha kwamba kesho ni siku ya Mtakatifu Athanasio, siku ya jina la baba yake, na tukitoka ukumbini ataitoa lira na kuiweka mbele ya picha ya mzee, kama kila mwaka. Nikasema vizuri. Akasema kinachomliza ni lile doa. Nikauliza doa gani. Akasimama.

"Zisis, siku zote hizi nilikuwa namsimulia nani?"

Akasimulia tena. Mzee Athanasis alikuwa fundi wa treni ya mlimani. Siku aliyokwenda kununua lira, muuzaji alimmwagia nyingi mezani, zote safi. Akachagua hiyo moja yenye doa. Muuzaji akamcheka. Mzee akamwambia kwamba binti yake anaolewa na mtu asiyemfahamu vizuri, na lira safi zinafanana zote. Hii, mtu akimbadilishia, ataijua.

Mtu asiyemfahamu vizuri ni mimi! Marehemu aliniona toka mbali!

Nakumbuka sasa kwamba hadithi hii nilishasimuliwa, tena mara nyingi. Nilikuwa nikisoma orodha ya bei.

Jumapili, 18 Januari, asubuhi

Mvumilivu hula mbivu. Nina mpango.

Polixeni yuko bafuni. Nimechukua sindano yake ya kufumia na kuidunga keki kwa chini, taratibu. Sehemu kwa sehemu. Ti! Nimeipata! Kuichimbua haiwezekani bila kuivunja keki, basi nimeweka alama: lozi moja juu, palepale. Kipande chenye lozi kitakuwa changu, hata kwa kupigana. Lira ya mzee itarudi kwenye leso kabla ya kahawa.

Baadaye kidogo. Nimenyoa, nimerudi jikoni. Keki nzima imejaa lozi! Lozi kila mahali, hakuna pa kuweka kidole! Polixeni anasema ameikuta lozi moja peke yake juu ya keki, inaonekana kama doa, akaona haya kuipeleka vile.

Jumapili, 18 Januari, usiku

Naandika nikiwa kwenye kochi. Kochi ni fupi.

Fotis alikata. Kipande cha kwanza cha Kristo, cha pili cha Bikira Maria, cha tatu cha nyumba, cha nne cha maskini, halafu sisi kwa umri. Changu nilikimaliza kabla wengine hawajapata sahani. Hamna. Nikajitolea kula cha mwenzetu Stergios, aliyelala nyumbani na nyonga yake mbovu. Hamna. Nikamwambia Padri Yorgis kwamba kipande cha maskini kisikae wazi kikakauka. Akanitazama kwa huruma, akanipa. Hamna. Polixeni alikuwa kwenye mlango wa jikoni akiosha vikombe, akaniambia kwa macho niache kumtia aibu.

Halafu Fotis akauma. Krii! Mkono shavuni, halafu kicheko. Bahati ya mwenyekiti! Watu wakapiga makofi. Akafungua foili tabaka kwa tabaka, huku akiuliza ni nani aliyefunga hii, daktari wa upasuaji?

Kwenye chama kingine mtu angesema ahsante na kuitia mfukoni. Sisi ni wapenda sarafu. Kila mmoja alitoa kioo chake cha kukuzia. Lira ikazunguka meza. Kisha wa kwanza akaguna. Wa pili akakohoa. Fotis akaiinua taani.

"Ina doa! Zisis, wewe umetununulia lira yenye ukurutu! Hii mimi siipokei. Nani atainunua hii, kipofu?"

Agathoklis, ambaye naye alialikwa, akasogea kunitetea, na hapo ndipo aliponimaliza. Alisema hiyo si lira aliyoniuzia. Aliyoniuzia ilikuwa safi. Akatazama meza ya mashindano, akaona kitambaa changu chekundu na kadi yangu, "Mali ya familia ya Karamitros," akafurahi kama mtu aliyemwona ndugu yake stesheni. "Si ile pale!"

Polixeni alikuwa amekwisha kufika, mikono ina povu. Akaichukua lira kutoka kwa Fotis, akaifuta kwa aproni, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na kitambaa changu.

"Shemeji," Fotis akamwambia, "usijisumbue na hiyo takataka."

"Kwa hiyo huitaki?"

"Hata bure!"

Akaenda mezani, akaichukua ile safi juu ya kitambaa changu, akamtia Fotis mkononi. "Haya, chukua yako. Hii ni ya baba yangu." Akawaeleza wote habari ya mzee Athanasis na muuzaji na zile lira zinazofanana. Wanaume wazima wakashusha vioo vyao wafute macho. Agathoklis akaiomba tena kidogo, akaiangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo. Doa la shavuni lipo. Lakini lipo na jingine, jipya, shingoni. Labda ni joto la oveni. Au labda mtu aliitia kitu kikali kabla.

Fotis akanusa hewani. "Kachumbari!"

Polixeni akaja mpaka nilipokaa. Akaiweka lira kiganjani mwake, chini ya pua yangu.

"Hili la baba," akasema, akigusa shavu. Akagusa shingo. "Na hili lako. Sasa ninazo alama za wote wawili."

Niliona haya, shajara yangu. Niliona haya kweli, na sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 21 Januari

Kabati limepewa Polixeni! Si mwanachama hata! Kura zote, na ya Fotis imo, na ya Padri Yorgis ambaye hana haki ya kupiga kura. Leo wamebandika herufi za shaba: POLIXENI, BINTI WA ATHANASIS. Karamitros haimo popote. Amekubali lira ikae kule kwa sharti moja, ufunguo akae nao yeye, na ameuvaa shingoni pamoja na msalaba. Fotis anamwinamia akipita. Nyumbani anazungumza nami sasa, ila ni kuhusu taka na gesi tu. Jana aliongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikujua anamsema nani.

Haiwezekani kushindwa na mke wangu mwenyewe. Mwakani lazima nimshinde.

Na bahati ni yangu. Leo Agathoklis alitaja, kwa kupita tu, kwamba kwenye fedha mambo ni kinyume. Sarafu ya fedha nyeupe haina mvuto. Lakini ikipata rangi, buluu na zambarau, kama mafuta juu ya maji ya barabarani, wapenda sarafu hugombana. Na rangi hiyo, wanasema, huja yenyewe ukiifungia kwenye kopo pamoja na mayai ya kuchemsha.

Ile ya mama yake wa ubatizo bado iko kwenye leso. Imepauka, haina doa, haina hadithi niliyowahi kuisikia. Polixeni hataona tofauti.

Mayai yanachemka. Amekwenda kanisani, na kiti kiko tayari mbele ya Mtakatifu Nikolao.